Tepi Tatu za Tegwen

Bwana Pugh alinipigia simu mwisho wa Novemba:
mti umeota ndevu, unaugua,
njoo na msumeno mkubwa.

Nikaenda. Mvua ya Dolgellau hainyeshi, imekaa tu,
kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu.
Mwaloni ulisimama nyuma ya jiko, mpana kuliko mlango,
umevaa kijani hadi viwikoni.

Ndevu ndizo hizi? Hizi ni kuvumwani, Bwana Pugh.
Hainyonyi mti. Imepanga chumba tu,
na hapa kwenu ukungu haukosi, itakaa.

Nikauzunguka taratibu na nyundo ya mpira,
nikibisha hodi kwenye gome.
Ko. Ko. Ko. Kisha, upande wa magharibi,
bu.
Aliona mkono wangu ulivyosita.
"Mtupu ndani," akasema. "Kama mimi tangu Machi."
Sikuwa na jibu. Nikawasha tochi.

Baadaye nilimweleza, kwa Kiwelisi changu cha kuunga:
moyo wa mti ni mbao zilizostaafu.
Uhai uko chini ya ganda, mwembamba kama karatasi ya sala,
na kila mwaka hujivika pete mpya.
Bomba nalo ni tupu, na limesimama.

Kilichokuwa kikiuua ni wema.
Tangu mazishi, kila Jumamosi,
alileta toroli la chenga za mbao, akalundika shinani,
akalundika tena, mpaka mti ukazama magotini.
"Nilitaka usipate baridi."
Baridi wameizoea, hao. Wasichoweza
ni shuka lililolowa lisilovuliwa.

Tukapiga magoti wote wawili, tukafukua kwa mikono.
Chenga zilinuka siki. Gome la chini lilikuwa laini,
likibonyea kama mkate uliosahaulika.
Kisha ikatokea mizizi, imetanuka,
vidole vya mguu vikishika ardhi,
na mnyoo mmoja, mwenye hasira ya kuamshwa.

Tawi moja lilikuwa limekufa. Nililikata
nje kidogo ya ukosi, pale gome linapojikunja kama kola ya shati,
ili mti wenyewe ujifunge.
Akaja na kopo. "Baba alikuwa akipaka lami."
Nikamwambia baba yake alikuwa mtu mwema,
na kopo alirudishe bandani.

Likabaki gari.
Dogo, la samawati, limekalia mizizi tangu Machi,
magurudumu yamezama nusu kidole.
Udongo wenye maji ukikandamizwa hauvuti pumzi, nilisema,
nikaanza kukunja kamba zangu ambazo zilikwisha kukunjwa.

Alikaa jikoni muda mrefu kabla ya kutoka na funguo.
Kiti kilikuwa bado kimevutwa mbele, kwa miguu ya Tegwen;
magoti yake yakagonga usukani.
Hakukirudisha nyuma.
Aliendesha hivyohivyo, amejikunja kama mtoto ndani ya sanduku,
mita tisa, hadi kwenye changarawe.

Alirudi na daftari na tepi za kushonea,
tatu, zimeungwa kwa uzi mwekundu.
Kila Novemba, majani yakishaanguka,
mkewe aliupima mti kifuani, kama anayeukatia koti.
Mwaka jana: mia nne na kumi na moja.
Mimi nilishika ncha, yeye akazunguka,
akapotea nyuma ya shina, akatokea upande wa pili.

"Mia nne na kumi na mbili," nikasoma. "Na kitu kidogo."
"Hata mwaka huu?"
"Hata mwaka huu."

Akaandika, kalamu ikichafuka kwa mvua.
Akauliza nadai kiasi gani.

Pale gari lilipokuwa, pamebaki mstatili wa udongo mkavu,
mkavu pekee katika bonde zima.
Hatukuondoka. Tulisimama pembeni,
tukiutazama unavyolowa.