Eliringia Saluni

Eliringia, jina lenyewe lina kuringa ndani,
Jumamosi amekalia kiti cha saluni pale Kiboriloni,
nyusi zatindwa, kucha zang'arishwa,
ndevu tatu zapakwa mafuta zikumbuke kuwa ni ndevu.
Wembe ukigusa sikio: "Taratibu, dada!"

Babu yake alijing'oa jino kwa koleo
akarudi mferejini kuzibua maji.
Ndivyo asemavyo babu.

Jioni anajirekodi juu ya pikipiki ya shemeji,
nyuma yake Kibo imevuta wingu usoni:
"Moyo umechanika, Haikaeli, rudi!"
Haikaeli yupo sokoni, anahesabu mikungu;
hajaondoka, kwa kuwa hakuwahi kuja.

Nacheka mpaka meno ya bandia yanateleza,
mimi, mwimbaji wa bendi ya ushirika,
suruali ya bugaluu ikifagia ukumbi,
nywele nimezinyoosha kwa kitana cha moto,
nikimlilia kwenye kipaza sauti mke
aliyechoka kupasua kuni peke yake.

Dada yake Eliringia alipojifungua,
nani alisimama jikoni, siku arobaini, akiponda mtori?
Kwa kucha zile zile.