Jino la Kalunde

Amerudi. Kaketi kwenye kiti kilekile,
dirisha likitazama barabara ya Kanyenye,
akaachama kabla ya salamu:
"Mwenzangu, jino lako limegeuka rangi."

Lako. Miaka minne analitafunia,
na likiwa na kasoro bado ni langu.

Kalunde ni mpima tumbaku ghalani.
Vumbi la jani humpanda puani, humshuka kooni,
hivyo asubuhi, adhuhuri, usiku, husukutua:
kwanza ile dawa ya buluu, inayochoma kama gongo,
kisha, fizi zilipovimba, ile ya waridi
aliyoandikiwa siku kumi na nne
akaitumia miezi kumi na minne.

Nikatoa kibao cha rangi, vijino vya mfano
vilivyosimama kama watoto mstarini,
nikausogeza ule niliouandika daftarini
siku nilipolichoma lile la kauri tanuruni.
Ukakaa sawa. Sawasawa kabisa.
Kauri haikuhama.
Waliohama ni majirani:
meno yake mwenyewe, kushoto na kulia,
yamevaa kahawia ya chai iliyolala.

Nikampa kioo. "Hili halijageuka.
Hii ndiyo rangi uliyokuja nayo mwaka ule."
Akajitazama kama aliyeokota
kitambulisho chake cha zamani.

Ningeishia hapo, ningetoka mshindi.

Lakini nyuma, ukingoni, kuna mstari
mwembamba kama unywele, rangi ya kutu:
pale nilipolipunguza ili aume vizuri,
Jumamosi, umeme ukizimika na kuwaka,
treni ya Kigoma ikipiga honi, nami nina tiketi mfukoni.
Nikalibandika bila kulirudisha kwenye mng'aro.
Kauri iliyokwaruzwa ina kiu.
Imekunywa ile waridi kidogo kidogo,
na hakuna auonaye mstari ule
ila mimi na kijioo changu cha mpini.

Sikusema. Nilisema, "Achama tena."
Nikachukua kigurudumu cha mpira, kile laini,
nikazungusha taratibu, nikapumzisha, nikazungusha.
Maji yakatoka ya kahawia. Yakatoka ya kijivu.
Yakatoka maji.

"Kwani unafanya nini?" akauliza, mdomo umejaa vidole vyangu.
"Namalizia kazi ya Jumamosi."

Leo ni Jumanne. Hakuuliza Jumamosi ipi.
Nami sikumwandikia risiti.