Ala

Aliuleta umefungwa kwenye khanga iliyopauka,
akaulaza juu ya fuawe yangu, nyuma ya Stesheni,
kama mtu anayelaza mtoto mwenye homa.
"Haujatoka alani tangu mume wangu afe," akasema Kumudba.
"Mjukuu anaoa Arusha mwezi ujao.
Bwana harusi wa kwetu haendi mikono mitupu."

Nikamwaga mafuta ya taa mdomoni mwa ala, nikangoja.
Kutu haina haraka.
Naye akakaa juu ya kreti ya soda,
akaanza kuwataja wazee.

Rajputi, akasema, si kazi. Ni deni.
Kuna waliozaliwa na jua, kuna wa mwezi,
ukoo wa mume wake ulitoka motoni.
Nikacheka. "Hata mimi wa moto, mama. Mmamba,
mfua vyuma mwana wa mfua vyuma,
ila moto wangu unakula mkaa, gunia elfu hamsini."
Hakucheka.

Ngome ikizingirwa, nafaka ikiisha,
wanaume walikunywa maji ya afyuni,
wakavaa nguo za rangi ya zafarani,
wakafungua lango kwa mikono yao, wakatoka kufa.
Wanasifiwa mpaka leo. Hata farasi wao wana majina.
"Na wanawake?"
Akafuta miwani kwa ncha ya sari. Akafuta tena.
"Wanawake walikuwa wamekwisha kuwasha kuni."

Lori la saruji likapita.
Sikuwa na neno. Nikagonga ala kwa nyundo ya mti,
polepole, kutoka ncha kuja mdomoni.

Babu wa mume, Takhatsinh, hakupigana na mtu.
Alishuka kwenye treni na sanduku la bati na upanga huu,
akawa karani wa mizani ya kahawa.
Miaka thelathini: gunia, ratili, mwingine, gunia,
masharubu yamesokotwa juu kama pembe za mbuzi.
"Hata mizani ilimwogopa," akasema,
na hapo ndipo alipocheka.

Akaenda kununua ndizi. Nikavuta.
Ukatoka.

Hauna mawimbi ya maji kwenye bapa, hauna uzi wa dhahabu.
Chuma cha reli, kimepigwa kwa nyundo nzito,
na chini, karibu na mpini, mikato mitatu
kama unyayo wa kunguru.
Ala!
Mundu wa mama yangu wa kukatia migomba una mikato hiyo.
Ni saini ya mtu asiyejua kuandika:
babu yangu Ndetaulwa.

Nikakaa kwenye kreti yake.
Ule wa kweli ulikwenda wapi?
Labda ulilipa kodi. Labda kwinini ya mtoto.
Labda unga, mwaka wa nzige.
Nikamwona karani akipanda Mamba usiku,
ala tupu chini ya koti la mvua,
na babu anampima mkono kwa kamba ya mgomba.
Hawakuwa na lugha moja,
walionyeshana urefu kwa viganja,
halafu wakaonyeshana kidole mdomoni.

Maharusi wangapi wamepita mitaani wameshika kazi ya babu yangu,
ngoma mbele, vumbi nyuma,
na wazee wakilia kwa fahari?

Hakuniomba kuunoa. Niliunoa.

Aliporudi hakuutazama kwanza.
Kidole gumba chake kilitua juu ya mikato mitatu
moja kwa moja, bila kutafuta.
"Umeona."
"Nimeona."
Akahesabu noti. Nikakataa. Akazibana chini ya koleo.
"Unakata?"
Nikaunyanyua mkungu wake kwa mkono wa kushoto,
pigo moja, vichane vikamwagika kwenye masizi.

Akavitazama kwa muda.
"Basi rudisha alani," akasema. "Aika, Mmamba."
Akavuka reli, upanga kwapani,
akaniachia nusu ya ndizi.