Mtu wa Mfano

Ripoti imenifikia ofisini Kizingo,
kurasa mia nne na kumi.
Nikague hesabu tu, wamesema, si mengine.
Ukurasa wa mia mbili na tatu yumo yeye:
hana jina, hana ukoo, wamwita mtu wa mfano.
Atazaliwa miaka elfu kumi kutoka leo,
atajenga juu ya taka zetu bila kujua,
atakula samaki kilo ishirini kwa mwaka,
atakunywa maji ya kisima, lita mbili kwa siku.

Lita mbili!
Aliyeandika haya hajapata kukaa Mombasa mwezi wa Machi,
umeme umekatika, shati limegandana na mgongo.
Nikafuta mbili, nikaweka nne.
Mstari ukanyanyuka kidogo kwenye grafu
kama mtu aliyeitwa usingizini,
ukalala tena chini ya kikomo.
Salama.

Lakini mimi ni mjukuu wa Bi Mwanashe wa Kibokoni.
Kwake, kisima na choo viliachana hatua thelathini,
na fundi akagonga mwamba kwa mtaimbo:
“Jiwe hili halipitishi hata siri.”
Jiwe la matumbawe, matundu matupu.
Mwaka wa tisa maji yakanuka.
Na fundi hakusema uongo;
alisema alichoambiwa na mtaimbo.

Najua, najua, wao hawachimbi matumbawe.
Ni huko bara, mwamba mkongwe, mita mia sita,
mikebe ya shaba, udongo unaovimba ukilowa
ukaziba ufa wenyewe.
Kazi safi, siwezi kuipaka tope.
“Mashaka yote yamezingatiwa,” wameandika.
Yao. Yangu hayamo.

Juu ya mlango wa Bi Mwanashe pamechongwa maneno,
Kiswahili kwa herufi za Kiarabu,
miaka mia mbili haijatimia
na nyumba nzima hakuna awezaye kuyasoma.
Neno moja tumelikisia: ni dua, au ni dawa.
Basi Mwinyikai tutamwandikia nini?
(Ndiyo, nimempa jina.
Sikuweza kumpimia maji mtu asiye na jina.)

Saa kumi na moja nikajaza fomu.
Hesabu: sahihi.
Penye maoni mengine, mistari mitatu tu,
nikaandika: maji yake, fanyeni lita nne.
Kisha, kwa penseli, ingawa wino ulikuwapo:
mlangoni pake, kwa lugha ya nani?

Nikanywa maji, glasi ya saba tangu asubuhi.
Kiu haikukatika.