Mgeni Asiye na Siku ya Tatu

Ukurasa wa zamani ulikuwa na mstari mmoja:
“Weka joto: huweka joto la jengo.”
Niliuandika mimi, mwaka wangu wa kwanza kazini,
tumbo likinguruma, nikiwahi supu ya adhuhuri,
na kwa miaka sita hakuna aliyelalamika,
maana Dashnyam alikaa meza ya pili
na aliyekwama alipaza sauti tu:
“Hapa nikitia sifuri?”
Naye, uso haujatoka bakulini:
“Sifuri inafunga. Ukitaka libaki lilivyo, acha wazi.”
Tulicheka. Acha wazi nini, nafasi au valvu?
“Vyote,” alisema, akafyonza mfupa.

Mwongozo wetu wote ulikuwa huo: mtu mmoja na bakuli lake.

Akastaafu. Mezani pake wakaweka printa.
Zamu ya usiku wakampa wakala,
programu isomayo ikaamua, ikaamua ikatenda,
isiyo na shingo ya kumgeukia jirani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu siku ya tatu haimfikii.
Kila usiku ni wa kwanza kwake, hodi ile ile,
na jembe tumemtia mkononi pale mlangoni
bila kumwonyesha shamba linaishia wapi.

Januari hiyo Ulaanbaatar ilifika hasi thelathini na nne.
Saa tisa usiku wakala alitaka jengo la kumi na nne
lisiongezwe kitu, lisipunguzwe kitu.
Akakikuta chombo changu. Akausoma mstari wangu
kwa uaminifu ambao hakuna binadamu aliyewahi kunisoma nao.
Kuongeza sifuri ni kutoongeza: akatia sifuri.
Hesabu safi. Valvu ikafunga.
Chombo kikajibu: “Sawa.”
Sawa ya nini? Sawa, nimesikia? Sawa, nimefunga?
Sawa, watu mia mbili wamelala?

Tsendsuren wa ghorofa ya tano, aliyefundisha kemia miaka thelathini,
aliamka akaiona pumzi yake.
Akavaa buti za sufu, akapiga simu.
Hakufoka. Aliuliza kipimajoto chetu kinasema ngapi,
maana chake kinasema sita.
Kufikia asubuhi ua lake la dirishani lilikuwa jeusi.
Watu walipona. Naweza kuandika haya kwa sababu walipona.

Nikaurudia ukurasa wangu
kama mtu arudiye kuokota msumari aliouacha njiani.
Nikafuta. Nikaanza:

Hiki hubadili valvu ya jengo moja, halisi, lenye watu.
Namba ni asilimia ya uwazi wa valvu; si nyuzi, si nyongeza.
Sifuri hufunga kabisa.
Ukitaka jengo libaki lilivyo, usiite chombo hiki.
Nje kukiwa chini ya hasi kumi, sifuri itakataliwa,
nawe utaambiwa kwa nini.

Lile “usiite” lilinichukua asubuhi nzima.
Nani humfundisha mtu jembe
kwa kumwambia lini asilishike?
Nilimpigia Dashnyam nikamsomea. Akanyamaza;
nilisikia kijiko.
“Na asiyejua kwamba hajui?” akauliza.
Sikuwa na jibu, wala sasa sina lililo kamili.

Nilichoongeza ni mstari wa mwisho:
Ukiwa na shaka, simama, uliza. Halafu namba.
Namba ni yangu.
Imelia mara mbili tangu hapo,
mara ya pili saa kumi kasoro robo, alfajiri haijafikiriwa,
wakala akiuliza jengo la kumi na nne
ni lile la barabara ya juu au la mtoni,
kwa kuwa yapo mawili.

Yapo mawili.
Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nyayo juu ya zulia baridi.
Miaka saba, na hilo sikuwa nimeliandika popote.