Hodi ya Hewa

Kiswahili nilikiokota Katuna, mpakani,
kwa madereva waliolala chini ya trela zao,
pamoja na spana namba kumi na saba
ambayo mwenyewe hajarudi kuidai.
Kwa hiyo nikisema hewa hubisha hodi, nisamehe,
ndivyo nilivyofundishwa injini.

Turyamureeba alileta Corona yake alfajiri,
Kabale bado imejifunika ukungu hadi masikioni.
Magunia manne ya viazi, mlima wa Kanaba mbele,
na gari, akasema, likifika kona ya tatu
linakohoa, linaomba gia namba moja
kama mtoto anayetaka kubebwa.
"Plagi mpya. Injekta nimeosha.
Petroli si ya chupa. Sasa nini?"

Nikafungua boneti, nikamwonyesha mirija minne ya alumini,
mifupi, imejikunja kama vidole vyenye baridi.
Hewa hupita hapa kwenda kwenye silinda.
Inakuja mbio, inafika, valvu imeshafungwa.
Hodi.
Kimya.
Inageuka, inarudi ilikotoka,
inafika kwenye chemba kule juu, inageuka tena.
Njia ikiwa fupi inawahi, inakuta komeo.
Njia ikiwa na urefu wake, inafika
sawasawa na mkono unaovuta komeo,
hodi, karibu,
inaingia imebanana, kifua mbele,
kama watu wa arusi.

"Mlimani injini yako inazunguka polepole,
mlango unakaa sana umefungwa.
Basi mgeni tumpe safari ndefu."

Arinda, mwanafunzi wangu, akacheka, tupa mkononi.
Yeye anaota mashindano ya Mbarara, vumbi na vifijo.
Kwake mrija ni wa kukatwa, ubaki kisigino,
injini ilie huko kwenye mizunguko elfu saba.
Kweli, nikamwambia, huko mlango hufunguka upesi.
Lakini viazi havishindani na mtu.

Hesabu niliifanya nyuma ya risiti ya saruji.
Mara mbili ilinipa mrija mrefu kuliko gari.
Mara ya tatu, sentimita kumi na moja.
Tukakata kwa msumeno wa chuma, mbali na injekta
(injekta ikae karibu na mlango, haitaki matembezi),
tukaunga vipande vya bomba la kumwagilia bustani ya padri,
lililokuwa alumini safi, na padri hana habari.
Ndani nikapitisha msasa, nikaacha ukwaru kidogo,
maana mrija unaong'aa kama kioo
ni majivuno ya fundi tu.
Kisha pampu ya baiskeli na povu la sabuni.
Mrija wa tatu ukatoa mapovu, mshono wa Arinda.
Akaurudia bila kuambiwa.

Boneti ikakataa kufunga.
Tukaitoboa, tukalifunika tundu kwa karai la zege,
riveti kumi na mbili.

Usiku ule usingizi ulinipita.
Lipo geti la kijani, Rubaya, kwa dada yangu Kembabazi.
Tuliachana kwa maneno, kwenye matanga ya baba.
Nikabisha hodi kesho yake. Keshokutwa.
Siku ya nne nikabisha kwa jiwe.
Halafu nikaacha kabisa, mwaka wa saba huu.
Mimi ninayepima njia za hewa kwa rula
sikujua kuna kuwahi kunakofunga mlango
zaidi ya kuchelewa.

Saa nne asubuhi simu ikaita.
Upepo mtupu, kisha Turyamureeba, anapiga kelele:
"Kona ya tatu! Gia ya tatu! Imepanda, fundi, imepanda
na magunia yote!"
Nikanyamaza, nikashikilia simu kwa bega,
mikono yote ina grisi.
"Lakini hili karai," akasema,
"hili karai linapiga kelele njia nzima.
Watu wa Muko wametoka nje
wanadhani nabisha hodi."