Magurudumu Matano

Kiti changu kina magurudumu matano
na hakijanifikisha popote.
Miaka kumi na minne, ghorofa ya pili, Nakuru,
naingiza bili za maji za watu wa Bondeni na Shabab,
mita kwa mita, mpaka taa ziwake.

Juzi nimeinuka kwenda kunywa chai,
nyonga ikasema: subiri kwanza.
Nikabaki nusu,
kisu cha kukunja kilichoshika kutu.

Jumamosi, kule Molo, mama alichuchumaa
akamenya debe zima la viazi,
akainuka bila kushika ukuta.
Ana sabini na tatu.
Mimi, arobaini na moja, niliinuka kwa awamu
kama mtu anayelipa deni.

Jebiwot, mtaalamu wa viungo, akabonyeza hapa,
chini ya mshipi. Nikaona vimulimuli.
“Msuli umefupika,” akasema.
“Umedhani kukaa ndiko kuishi.”
Akaniandikia dawa isiyouzwa:
goti moja chini, kiuno mbele,
pumua, hesabu thelathini.

Basi saa nne nimepiga goti nyuma ya kabati la mafaili.
Tarishi Wekhomo akaingia na birika,
akaganda.
“Dada Gathoni, unaniposa?”
“Ngoja,” nikamwambia, “niko kumi na tisa.”

Akangoja. Birika likafuka.
Ndani, pale nilipopasahau,
kitu kikaachia kidogo,
kama mlango wa stoo uliovimba kwa mvua.

Nyuma yangu kiti kikazunguka chenyewe, robo tu,
kikautazama ukuta.